Ridhaa, Kambi na Uwakilishi: Maandalizi ya Wachezaji wa Raga wa Afrika Mashariki Yakitazamwa kutoka Hagadera

Utangulizi

Katika taarifa za michezo za Kiswahili, timu inayojiandaa kwa mechi kubwa husemwa kuwa "imeingia kambini". Kauli hii imezoeleka mno redioni na magazetini hata wasemaji wengi hawaoni haja ya kuichunguza. Msikilizaji aliyeko Hagadera, kilomita zipatazo 100 kutoka mjini Garissa, ana sababu ya kusita kidogo. Yeye yumo kambini, lakini hakuingia humo ili ajiandae kwa mechi wala kwa jambo jingine lolote. Huenda alizaliwa humo, akasoma humo, na sasa analea watoto wake humo. Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo, ili kuwapokea watu waliokimbia vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Siad Barre nchini Somalia. Kambi tatu za awali za Dadaab, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 kwa jumla. Wakati wa njaa ya mwaka 2011 idadi ya wakazi wa Dadaab ilipita 400,000. Dhana ya kambi katika lugha yetu hufungamana na makao ya muda. Hagadera imekuwapo kwa zaidi ya miaka 30.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wachezaji wa raga wa ridhaa walivyoandaliwa kwa mechi za uwakilishi katika Afrika Mashariki ya enzi za mwisho za ukoloni, hususan mechi mbili zilizochezwa Nairobi mwaka 1955 na 1962. Ni kweli kwamba raga si mchezo wa Hagadera. Mchezo wa vijana wengi pale ni kandanda, nayo huchezwa mchangani. Raga imechaguliwa kwa sababu ndiyo iliyoigeuza ridhaa kuwa sheria na kuilinda sheria hiyo kwa karne nzima. Kwa hiyo, katika historia yake, maneno matatu ambayo kwa kawaida hutumiwa bila kutazamwa, yaani ridhaa, kambi na uwakilishi, huonekana waziwazi yakifanya kazi, na wakati mwingine yakigongana.

Ridhaa kama sheria

Kiswahili kilipohitaji neno la kumtaja mchezaji asiyelipwa hakikufuata njia ya Kiingereza. Neno la Kiingereza lilitoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na maana yake ya asili ni mpenzi, mtu anayefanya jambo kwa sababu analipenda. Kiswahili kilichukua ridhaa, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kukubali na kuridhika. Hivyo tuna ndondi za ridhaa, soka ya ridhaa na wachezaji wa ridhaa. Tofauti hii si ndogo. Mpenzi haulizwi amepata wapi nafasi ya kupenda. Lakini mtu aliyeridhia anaweza kuulizwa: ameridhia nini, na gharama ya ridhaa yake inabebwa na nani?

Swali hilo hilo ndilo lililoupasua mchezo wa raga nchini Uingereza. Katika miji ya kaskazini ya nchi hiyo wachezaji wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Mechi zilichezwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wake. Klabu za kaskazini hazikuomba mishahara. Ziliomba mchezaji alipwe fidia ya muda wa kazi alioupoteza. Chama cha raga kilikataa. Mnamo Agosti 1895 klabu hizo zilikutana Huddersfield na kujitenga, na kutokana na utengano huo ukazaliwa mchezo wa pili wa raga, ule unaochezwa na watu 13. Raga ya watu 15 ikabaki ya ridhaa hadi tarehe 26 Agosti 1995, bodi ya kimataifa ilipotangaza kuwa sasa wachezaji wanaweza kulipwa. Ilikuwa karne kamili.

Katika karne hiyo sheria ya ridhaa haikuishia kwenye fedha peke yake. Ilifika hadi kwenye maandalizi. Vyama vya Uingereza, Wales, Uskochi na Ayalandi vilikubaliana kuwa timu ya taifa isikusanyike zaidi ya saa 48 kabla ya mechi. Aliyefikiri kuwa kukaa pamoja wiki mbili ni jambo la kawaida alitiliwa shaka, kwani kambi ndefu ilionekana kuwa mlango wa kuufanya mchezo kuwa ajira. Ufaransa ilitengwa na mashindano ya mataifa hayo mwaka 1931, na mojawapo ya sababu ilikuwa tuhuma kwamba klabu zake zilikuwa zikiwalipa wachezaji kisirisiri. Kwa ufupi, mtu wa ridhaa alitakiwa kucheza vizuri bila kuonekana kuwa amejiandaa sana.

Wakati huo timu hazikuwa na kocha kwa maana tunayoijua leo. Nahodha ndiye aliyeongoza mazoezi. Wales ilipomteua David Nash kuwa kocha wa taifa mwaka 1967, ilihesabiwa kuwa jambo jipya. Wala hapakuwa na wachezaji wa akiba wa kuingia uwanjani. Ruhusa ya kumbadilisha aliyeumia katika mechi za kimataifa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Mchezaji akivunjika bega dakika ya kumi, wenzake waliendelea wakiwa 14 hadi mwisho.

Mechi mbili za Barabara ya Ngong

Raga iliingia Kenya pamoja na walowezi na maofisa wa kikoloni. Kombe la Enterprise, lililotolewa mwaka 1928 na watu wa manowari ya Uingereza yenye jina hilo, lilikuja kushindaniwa na klabu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1953 kiliundwa Chama cha Raga cha Afrika Mashariki, na uwanja wake kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi ukapata mechi yake kubwa ya kwanza tarehe 28 Septemba 1955. Siku hiyo timu ya Afrika Mashariki ilipambana na British Lions, timu teule ya mataifa manne, iliyokuwa ikirudi kwao kutoka Afrika Kusini. Lions walishinda kwa pointi 39 kwa 12. Mechi ya pili ilikuwa tarehe 28 Agosti 1962, kwa mtindo ule ule wa timu kupitia Nairobi ikirudi nyumbani. Safari hii wageni walipata 50 na wenyeji hawakupata kitu.

Msomaji wa leo asikadirie mabao hayo kwa hesabu ya sasa. Trai moja wakati huo ilikuwa na pointi tatu. Ilifika nne mwaka 1971 na tano mwaka 1992. Pointi 50 za wakati ule zilikuwa nyingi kuliko zinavyosikika.

Lipo jambo jingine dogo ambalo kalenda hulifichua. Tarehe 28 Septemba 1955 ilikuwa Jumatano, na tarehe 28 Agosti 1962 ilikuwa Jumanne. Siku zote mbili zilikuwa za kazi. Wachezaji wa Afrika Mashariki walikuwa watumishi wa serikali, askari, wakulima, walimu na makarani wa benki na kampuni. Kila mmoja alihitaji ruhusa ya kuondoka kazini, na aliyetoka mbali alihitaji ruhusa ya siku kadhaa. Kwa hiyo nyuma ya ridhaa ya mchezaji kulikuwa na ridhaa ya pili, ile ya mwajiri, ambayo haikutajwa popote katika sheria za mchezo. Mkulima alihitaji mtu wa kumwachia shamba, na mtu huyo karibu kila mara alikuwa Mwafrika mwenye ujira mdogo. Hapo ndipo swali la nani anabeba gharama ya ridhaa linapopata jibu lake la Afrika Mashariki.

Maandalizi ya mtu mmoja na maandalizi ya watu wanane

Uteuzi ulifanywa na kamati. Kwa desturi ya raga ya zama hizo, kamati iliandaa mechi za majaribio, ikawagawa wachezaji katika timu ya wanaoelekea kuchaguliwa na timu ya wanaoweza kufikiriwa, kisha ikakaa na kuandika orodha. Aliyechaguliwa alipata barua. Hata katika mataifa makubwa ya mchezo huo mchezaji alitarajiwa kujinunulia viatu vyake, na zawadi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa jezi.

Tangu siku ya barua hadi siku ya mechi mchezaji alijiandaa mwenyewe. Hili si jambo la kudharauliwa. Tarehe 6 Mei 1954 Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, naye alifanya mazoezi katika muda mfupi alioupata mchana baina ya shughuli zake za hospitali. Mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Leeds walimu wawili, Morgan na Adamson, walikuwa wamebuni mazoezi ya mzunguko, ambayo humwezesha mtu kupita kituo hadi kituo akifanyisha kazi misuli tofauti kwa muda mfupi bila vifaa vingi. Mchezaji aliyekuwa peke yake katika kituo cha mbali aliweza kukimbia barabarani, kuruka kamba, kupanda kilima na kuupiga mpira kwenye milingoti aliyoisimamisha mwenyewe.

Ila kulikuwa na tatizo la jua. Katika nchi zilizo kwenye ikweta jua huzama karibu wakati mmoja mwaka mzima. Nairobi giza hutanda mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, iwe Januari au Julai. Mwingereza aliyefanya mazoezi kwao katika jua refu la kiangazi hakulikuta jua hilo hapa. Aliyetoka ofisini saa kumi na nusu, akabadili nguo na kufika uwanjani saa kumi na moja, alikuwa na saa moja na nusu hivi, basi. Viwanja havikuwa na taa za kutosha kuongeza muda huo.

Zama hizo pia zilikuwa na imani zake. Wengi waliamini kwamba kunywa maji katikati ya mazoezi humdhoofisha mtu. Nyama nyingi kabla ya mechi ilidhaniwa kuwa huongeza nguvu. Mapumziko yalikuwa mafupi, na wachezaji waliyapitisha palepale uwanjani wakinyonya vipande vya machungwa. Sayansi ya baadaye imeyakosoa mengi ya hayo, isipokuwa machungwa.

Lakini kiini cha tatizo hakikuwa afya ya mchezaji mmoja mmoja. Raga ina jambo linaloitwa skramu: watu wanane wa upande mmoja hushikamana kwa mikono na mabega, wakainama, wakasukumana na wanane wa upande wa pili ili kuugombea mpira ulioingizwa katikati. Nguvu ya skramu si jumla ya nguvu za watu wanane. Wakisukuma kwa pamoja, katika nukta moja, wenzao wenye uzito mkubwa zaidi wanaweza kurudi nyuma. Wakipishana hata kidogo, nguvu yao humwagika. Msukumo wa namna hiyo hupatikana kwa kurudiarudia, watu walewale, katika nafasi zilezile, hadi kila mmoja aijue pumzi ya jirani yake. Hali ni hiyo hiyo kwa wale wawili wanaounganisha fowadi na mabeki: mmoja hurusha mpira kabla hajamwona mwenzake, kwa kuwa anajua atakuwa wapi.

Mtu anaweza kukimbia peke yake, lakini hawezi kufanya skramu peke yake. Na katika klabu ndogo za bara, ambako jioni nyingine waliofika mazoezini hawakutimia hata 15, skramu ya kweli haikuwezekana hata kwa walio pamoja.

Umbali ulilikuza tatizo hili. Mchezaji wa Mombasa alipanda treni ya usiku na kufika Nairobi asubuhi. Wa Kampala alikuwa na safari ndefu zaidi ya reli. Kutoka Dar es Salaam hapakuwa na treni ya moja kwa moja, kwani Reli ya Kati haikuunganishwa na reli ya Tanga na ya Kenya hadi miaka ya 1960. Palibaki barabara au ndege za East African Airways, zilizoanza kazi mwaka 1946. Waliotoka pwani waliingia katika hewa nyembamba ya Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili huhitaji wiki kadhaa ili kuizoea hewa hiyo. Wao walikuwa na siku mbili au tatu.

Mtu anaweza kudhani kwamba angalau mwinuko huo uliwasaidia wenyeji wa nyanda za juu dhidi ya wageni. Haikuwa hivyo. Lions wa 1955 walikuwa wamecheza mechi yao ya kwanza ya kimataifa Ellis Park, Johannesburg, mji ulio juu sawa na Nairobi au zaidi, mbele ya watazamaji wapatao 95,000, na wakashinda 23 kwa 22. Mapafu yao yalikuwa yamekwisha kufundishwa.

Na si mapafu tu. Lions hao walikuwa pamoja tangu Juni. Kabla ya kufika Nairobi walikuwa wamecheza mechi 24. Hawakuwa na kocha, lakini walikuwa na Jeff Butterfield, mwalimu wa elimu ya viungo, aliyesimamia mazoezi yao ya mwili. Walikuwa na Cliff Morgan wa Wales na kijana Tony O'Reilly wa Ayalandi, aliyekuwa na umri wa miaka 19 na aliyefunga trai 16 katika ziara hiyo. Siku nne kabla ya mechi ya Nairobi walikuwa wamefungwa 22 kwa 8 huko Port Elizabeth, wakatoka sare ya mechi mbili kwa mbili na Afrika Kusini. Walikuwa wamechoka na walikuwa na majeruhi. Hata hivyo, walisukuma kwa pamoja.

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya ilipo. Kisheria timu zote mbili zilikuwa za ridhaa. Hakuna aliyelipwa mshahara upande wowote. Lions walipata posho ndogo ya matumizi na wengi wao waliacha kazi au masomo kwa miezi minne. Ubora wa vipaji ulikuwa tofauti, hilo halina ubishi, kwa kuwa Lions walichujwa kutoka mataifa manne yenye maelfu ya wachezaji. Lakini tofauti ambayo maandalizi yangeweza kuipunguza haikuwa ya fedha wala ya vipaji. Ilikuwa ya kambi. Sheria iliyoogopa kambi ya zaidi ya saa 48 iliikubali ziara ya miezi minne, kwa kuwa iliitwa ziara. Lugha iliwasaidia wakubwa wa mchezo kukikubali kwa jina moja kile walichokikataza kwa jina jingine.

Kambi zilizokuwa njiani

Neno kambi lina historia ndefu kuliko michezo. Misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilipiga kambi kila jioni. Miongoni mwa Wamijikenda baraza la wazee wa kaya liliitwa kambi, au ngambi, maana ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili hawaikumbuki, ingawa iko jirani kabisa na lugha yao. Leo tuna kambi za jeshi, kambi za vijana, hata kambi ya upinzani bungeni.

Katika Kenya ya 1955 neno hilo lilikuwa na maana moja iliyozizima nyingine zote. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, nayo haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954 makumi ya maelfu ya Waafrika walikamatwa Nairobi. Walichujwa Langata, upande ule ule wa jiji unakopita Barabara ya Ngong, kisha wengi wakapelekwa katika kambi za kizuizini za Mackinnon Road na Manyani. Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini, kwani Mackinnon Road na Manyani ziko kwenye reli ya Mombasa. Mchezaji aliyepanda treni ya usiku kwenda kuiwakilisha Afrika Mashariki alipita kando ya kambi hizo akiwa kitandani mwake behewani. Yeye alikuwa akienda kukaa na wenzake siku mbili kwa ridhaa. Waliokuwa ng'ambo ya ua wa seng'enge walikuwa wamekusanywa pamoja bila ridhaa, na bila tarehe ya kutoka.

Hali ya hatari iliathiri hata maandalizi yenyewe. Vijana wa Kizungu walioweza kucheza raga ndio hao hao walioitwa katika Kenya Regiment na katika polisi wa akiba. Kamati ya uteuzi iliweza kuandika orodha nzuri na bado isiwe na hakika nani atakuwa huru Jumatano.

Hivyo tunafikia neno la tatu. Uwakilishi hutokana na wakili, yaani mtu aliyepewa mamlaka na mwingine ya kusimama badala yake. Timu ya Afrika Mashariki ilimwakilisha nani? Sensa ya Kenya ya mwaka 1962, mwaka wa kipigo cha 50 kwa sifuri, ilihesabu watu 8,636,263. Wazungu walikuwa 55,759, takriban mtu mmoja katika kila 155. Raga ilichezwa katika klabu zao na kufundishwa katika shule zao, hasa Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana School. Timu iliyobeba jina la eneo zima iliteuliwa kutoka katika sehemu hiyo ndogo. Waliobaki hawakutoa uwakili wowote, kwa kuwa hakuna aliyewaomba. Wapo watakaosema kwamba haki haipimwi kwa raga. Ni kweli, lakini kikosi chembamba kina athari uwanjani pia: kamati iliyonyimwa watu 154 katika kila 155 haikuwa na pa kutafuta fowadi mwingine.

Mambo yalibadilika polepole baada ya uhuru wa 1963. Wanafunzi Waafrika waliingia katika shule hizo, wakaukuta mpira wenye umbo la yai, wakaupenda. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu ya Mean Machine na kutwaa Kombe la Kenya mwaka huo huo. Wanafunzi hao walikuwa na kitu ambacho timu ya 1955 haikuwa nacho: walilala katika mabweni ya jirani, walikula katika ukumbi mmoja, na saa kumi na moja jioni walikuwa uwanjani bila kuomba ruhusa kwa mwajiri. Hawakulipwa, wala hawakuhitaji kusafiri usiku kucha ili wawe pamoja. Waliishi kambini, ingawa waliita chuo.

Kurudi Hagadera

Katika miaka hiyo ya 1950 Garissa haikuwa na nafasi katika hadithi ya raga. Ilikuwa sehemu ya eneo la mpaka wa kaskazini lililofungwa tangu miaka ya 1920, ambako mtu wa nje hakuingia bila kibali na mwenyeji hakutoka bila kibali. Vita vilivyoitwa vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, vilileta aina nyingine ya kukusanywa: wafugaji waliwekwa katika vijiji vyenye ulinzi. Kwa hiyo wakimbizi wa mwaka 1992 walipofika, walifika katika ardhi iliyokuwa na mazoea marefu ya vibali. Hata jina la kambi iliyofunguliwa mwaka 2011 ili kuipunguzia Hagadera msongamano, Kambioos, linaanza na neno letu lile lile. Yenyewe ilifungwa mwaka 2017. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kuifunga Dadaab nzima.

Hagadera iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua lake huzama mapema kama la Nairobi. Mchana joto haliruhusu mchezo. Wachezaji hutoka baada ya sala ya alasiri na kucheza hadi karibu na magharibi, yaani muda ule ule mfupi aliokuwa nao karani wa mwaka 1955, kwa sababu nyingine. Kambi imegawanyika katika mitaa, na mitaa ndiyo inayozaa timu. Kikosi kikitakiwa cha kuiwakilisha Hagadera dhidi ya Ifo au Dagahaley, wateuzi hawahangaiki na treni wala ndege, kwani wachezaji wote wako mwendo wa miguu. Wamecheza pamoja tangu utotoni. Msukumo ule wa pamoja ambao timu ya Barabara ya Ngong ilikosa muda wa kuutafuta, wao wanao wa kutosha na kubaki. Kinachokosekana ni ile Jumatano yenyewe, siku ya kwenda mahali pengine na kusimama kwa niaba ya waliobaki.

Mara moja mfano wa kinyume ulionekana, ingawa si Dadaab. Mwaka 2015 majaribio ya riadha yalifanyika katika kambi ya Kakuma, Turkana, na baadhi ya waliojitokeza walikimbia bila viatu. Waliochaguliwa walihamishiwa Ngong, katika mazoezi yaliyosimamiwa na taasisi ya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni. Wakimbiaji watano kati yao, wote wenye asili ya Sudan Kusini, walishiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na wanamichezo 10. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, alibeba bendera. Haikuwa bendera ya nchi. Ilikuwa ya Olimpiki. Swali la nani aliwapa uwakili lilijibiwa namna mpya: waliwawakilisha watu ambao sifa yao ya pamoja ni kutokuwa na wa kuwawakilisha. Na ili kujiandaa kwa mechi hiyo walitoka kambi moja wakaingia kambi nyingine, na Kiswahili hakikuhitaji neno la pili kulieleza jambo hilo.

Watano hao walipata njia ya kutoka. Kwa wengine utaratibu haujabadilika sana. Mkimbizi anayetaka kusafiri nje ya eneo alilotengewa huhitaji kibali, na kibali hutolewa kwa jina, kwa sababu na kwa muda maalumu. Timu ya Hagadera inayoalikwa kucheza mjini Garissa huanza maandalizi yake kwa karatasi: majina ya wachezaji, nambari za vitambulisho vyao, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Jina likikosekana katika vibali vilivyorudi, mwenye jina hilo hubaki. Wenzake hupanga upya nafasi zao uwanjani jioni hiyo, kabla jua halijazama.